Mkono wa Rwekaza

Jumapili ile, nyumbani kwa Rwekaza pale Butimba, kulikuwa shwari. Misa imeisha, chai imenyweka, na mkewe Felicitas anafuta vioo vya gari waende Kigongo kumwona shangazi. Ndipo mama mkwe wake Felicitas, mama mzazi wa Rwekaza, akauliza toka kibarazani:

"Anaendesha nani? Maana mwenzetu alishaliingiza gari mtaroni."

Felicitas akaacha kufuta kioo. Ndugu zangu, mtaa mzima uliijua habari ya mtaro ule, lakini uliijua nusu. Siku ile Rwekaza, akiwa kiti cha abiria, aliogopa bodaboda akaudaka usukani na kuuvuta. Kisha akatangaza kuwa mkewe hajui kuendesha. Mke akanyamaza, eti anamsitiri mume. Miezi minne! Jamani, kusitiri gani huko?

"Naendesha mimi, Mama," akasema, akamgeukia mumewe. "Na wewe leo usiguse usukani wangu."

"Usukani wako!" Rwekaza akacheka. "Haya, dereva."

Wakaondoka, Rwekaza kiti cha mbele, mama mkwe kiti cha nyuma. Karibu na Kigongo ng'ombe akachomoka kichakani upande wa kushoto, akakatiza lami. Kulia, lori linakuja mbio. Felicitas akakanyaga breki. Macho hakumkazia ng'ombe. Aliyapeleka penye nafasi, kama alivyofundishwa. Ng'ombe anakwenda mbele, kwa hiyo nafasi iko nyuma ya mkia. Akakata kushoto, kidogo tu.

Mkono wa Rwekaza ukaudaka usukani, ukavuta kulia. Kwenye lori!

"Toa mkono!" Felicitas akaupiga kiwiko, akang'ang'ania kushoto. Lori likapita likipiga honi. Gari likasimama kwenye changarawe, halina hata mkwaruzo.

Mama mkwe, huko nyuma, alikuwa ameona yote.

"Rwekaza. Na ule mtaro je?"

Rwekaza akachungulia dirishani, eti anamtafuta ng'ombe.

"Mjibu mama yako," Felicitas akasema. "Usipomjibu, utafika Kigongo kwa miguu."

"Nilivuta mimi, Mama."

"Shuka! Njoo ukae huku nyuma. Mbele nakaa mimi, na mikono yangu itakaa mapajani."

FUNZO

Simung'unyi maneno. Gari lina dereva mmoja, na kwenye hatari ndiyo zaidi. Dereva, punguza mwendo, tazama pa kupita, kata kidogo bila kupapatika. Abiria, funga mkanda, na mdomo pia. Na wewe uliyebebeshwa kosa la mwenzio, sema leo! Felicitas alimsitiri mtu mmoja, nusura ukimya huo uwazike watatu.