Futi ya Fundi wa Majeneza

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Asubuhi moja Dorothea alikuwa akipepeta maharage uani kwake, Singe, mjini Babati. Ndani, binti yake Goodness, wa miaka minne, alikuwa na homa siku ya pili. Dorothea hakuhofu sana. Alikuwa amemmezesha vidonge vya malaria alivyobakiza yeye mwenyewe mwezi uliopita.

"Hodi!"

Dorothea akainua uso. Ungo ukamponyoka, maharage yakatapakaa. Mbele yake alisimama Mzee Octavian, fundi wa majeneza wa barabara ya Dodoma. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake.

"Baba Lukresia! Umekuja kumpima mwanangu? Unatuchuria!"

"Hata shikamoo hakuna?" alisema mzee. "Jirani yako Katarina ameniambia mtoto anaumwa. Anakunywa?"

"Tangu alfajiri anatapika kila kitu. Hata maji."

"Amepimwa damu?"

"Ya nini? Homa naijua. Nimempa vidonge vyangu."

"Mama Goodness, homa zinafanana. Usipopima, hujui unatibu nini. Vidonge vikibaki, wewe hukumaliza dozi, na yeye kapewa isiyo yake. Mtoto akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akilegea au akipata degedege, hasubiri hata saa moja. Bajaji iko nje."

"Kwani leo hutaki biashara?"

"Nina oda ya stuli. Panda!"

Hospitalini damu ilipimwa. Ilikuwa malaria kali. Nesi alimtazama Dorothea. "Mngengoja mpaka kesho, mama, tungekuwa tunaongea mengine."

Dorothea akamkumbatia Goodness.

"Chandarua mnacho?" nesi aliuliza.

"Tunacho. Kinazuia kuku wasile mchicha."

"Ehe!" alisema Mzee Octavian. "Mchicha upone, mtoto aliwe na mbu!"

Goodness alitibiwa, akapewa dozi kamili, na safari hii mama yake alihakikisha ameimaliza.

Wiki tatu baadaye viongozi wa mji waliita mkutano wa hadhara. Tuzo ya kuhudumia jamii maisha yote ilikuwa ya nani? Fundi wa majeneza! Watu wakaguna.

"Tunampongeza kwa kutuzika?" mmoja alidakia.

Mzee Octavian akashika kipaza sauti.

"Jeneza la kwanza nililochonga lilikuwa la Lukresia wangu. Alikuwa na homa. Nikampa vidonge vilivyobaki nyumbani, nikasubiri. Tangu siku hiyo, miaka thelathini, nikisikia mtoto anaumwa, naweka randa chini naenda. Jeneza la mtoto sitaki kulichonga tena."

Miaka yote Dorothea alimwita Baba Lukresia. Hakuwahi hata siku moja kuuliza Lukresia yuko wapi.

Siku iliyofuata alimwita mzee nyumbani. Mchicha sasa ulikuwa umezungushiwa miiba, na chandarua kilikuwa kimerudi ndani, kimeshonwa. Mzee akavua futi shingoni. Goodness akalala chali kwenye mkeka, akicheka, nayo futi ikanyooshwa kutoka kisigino hadi utosini.

Katarina alichungulia juu ya ua. "Uwii! Dorothea, anampima mtoto!"

"Mwache ampime," Dorothea alijibu. "Ni kitanda, chenye nguzo nne za kufungia chandarua. Na wewe, Baba Lukresia, kiongeze urefu. Huyu bado anakua."