Neno la Sitini na Saba

Kila asubuhi wakati wa likizo, Tekla alisukasuka kibuyu cha maziwa huku akitaja herufi za maneno ya Kiingereza. Ilikuwa mwaka 1956. Baada ya wiki tatu angerudi shuleni Mbulu kufanya mtihani wa darasa la nane, na wasichana wachache tu wangechaguliwa kwenda sekondari.

Mwalimu Alfredi alikuwa amewapa maneno magumu mia mbili. Tekla aliyaandika yote katika daftari na kuyakariri herufi kwa herufi. Maana za mengi hakuzijua. Darasani aliyeuliza alichekwa na wenzake, kwa hiyo kila mwalimu aliposema, "Mmeelewa?" Tekla aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, "Ndiyo, Mwalimu!"

Siku moja baba yake, mzee Gidabuday, hakutoka na ng'ombe. Tumbo lilikuwa likimuuma kwa siku ya pili. Adhuhuri baba mdogo wa Tekla, Gidahosh, alifika kijijini kwao Mogitu akitokea Oldeani, alikokuwa akifanya kazi katika shamba la Mzungu. Alitoa mfukoni chupa ya dawa nyeusi.

"Hii ni dawa kali, kaka," alisema. "Mzungu huifungia kabatini. Alinipa hii iliyobaki."

"Inanyweka?" baba aliuliza.

"Mimi sijui kusoma. Si una msomi hapa?"

Baba alitabasamu pamoja na maumivu yake. "Tekla, mwanangu, njoo utusomee."

Tekla alishika chupa. Karatasi ilikuwa imechanika, yamebaki maneno manne tu: "For external use only." Mengine aliyajua. Lakini "external"! Lilikuwa neno la sitini na saba, na katika imla alilipata bila kosa. Maana yake je? Mama alikuwa akimtazama. Majirani wawili waliokuja kumjulia hali mgonjwa walikuwa wakimtazama pia.

"Inasema... inywewe," alisema. "Kijiko kimoja."

"Mmesikia?" Gidahosh alisema kwa furaha.

"Nitakunywa nikishakunywa uji," baba akasema.

Mama akabandika sufuria. Tekla alikimbilia ndani, akafungua daftari. Mbele ya neno la sitini na saba palikuwa patupu. Mganga wa zahanati ya Nangwa, Bwana Joakimu, angeweza kumweleza, lakini hata angekimbia namna gani, uji ungeiva kabla hajarudi. Na kama angesema kweli? Baba mdogo hakuwahi kupenda asome. Wangemwachisha shule siku hiyo hiyo. Labda ni dawa ya tumbo kweli, alijiambia. Labda.

Alisikia kijiko kikigonga chupa. Akatoka mbio. Baba alikuwa ameshakiinua kijiko.

"Baba, usinywe!" Alimshika mkono, dawa ikamwagika chini. "Nimedanganya! Sijui inasema nini!"

Gidahosh akafoka, "Miaka minane shuleni! Kaka, huyu abaki nyumbani achunge ndama!"

Baba alimtazama binti yake kwa muda mrefu, hata Tekla akatamani apigwe yaishe. "Ni nani anayejua?" aliuliza hatimaye.

"Mganga wa Nangwa, baba."

Walimpandisha mgonjwa juu ya punda. Njia nzima Tekla hakuinua uso.

"Shikamoo, mganga," alisema walipofika, akampa Bwana Joakimu chupa.

"Marahaba." Mganga aliisoma, akainusa, uso ukambadilika. "Nani amekunywa hii?"

"Hakuna."

"Mshukuruni Mungu. Hii ni ya kupaka vidonda vya ng'ombe. Imeandikwa itumike nje ya mwili tu. Ingemchoma matumbo." Akampima baba, akampa dawa nyingine. Siku ya tatu baba alikuwa mzima.

Likizo ilipokwisha, Gidahosh alisema tena kuwa msichana abaki. Baba alikataa. Tekla akarudi shuleni, na siku ya kwanza aliinua mkono, akauliza maana ya neno. Wenzake walicheka. Mwalimu Alfredi hakucheka. Alieleza, na wengine wakaanza kuinua mikono yao. Kabla ya mtihani Tekla alikuwa amejaza maana zote mia mbili. Jina lake likawa miongoni mwa waliochaguliwa.

Alipoleta habari hiyo nyumbani, alimuuliza baba kwa nini hakumwachisha shule.

"Niliogopa sana siku ile," mzee Gidabuday alisema. "Lakini uliniambia hujui, tena mbele ya watu. Mwanangu, kutojua si aibu, shule ipo kwa ajili hiyo. Kujifanya unajua ndiko kunakoua. Nenda kasome, na usichoelewa, uliza."