Njia Nyekundu ya Sugiya

Jumatatu, tarehe 14 Novemba 1966, siku ambayo jumba la maonyesho ya picha mjini Delhi huwa limefungwa, "Mjane" aliibwa. Ilikuwa picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na marehemu Damayanti Sandhu, na keshokutwa yake ilikuwa isafirishwe Paris. Mkurugenzi alimpigia simu waziri kwanza, polisi baadaye. Ndivyo walivyo wakubwa.

Inspekta Tarlochan Gill alikuta fremu tupu ukutani. Misumari iliyoshika turubai ilikuwa imeng'olewa mmoja mmoja, ikapangwa sakafuni.

"Mwizi wa kuuza hukata kwa wembe," alisema. "Huyu hakutaka kumuumiza."

"Kumuumiza nani? Si kitambaa tu hicho!" mkurugenzi alifoka.

Gill aliinamia fremu. Pembeni mwa fremu palikuwa na alama ya dole gumba, nyekundu. Haikuwa rangi ya mchoraji. Ilikuwa sindur, unga ambao mke hupaka kwenye njia ya nywele maadamu mumewe yu hai.

Akaomba daftari la mahudhurio. Wote walitia sahihi, isipokuwa mfagiaji, Ramdhani. Yeye alitia dole gumba. Mtaalamu wa alama za vidole alizilinganisha: kidole ni kilekile.

Gill alimkuta chumbani kwake, nyuma ya jumba, anakula roti, mikate myembamba kama chapati. Picha iko ukutani, imevishwa shada la maua ya njano. Kwenye njia ya nywele za mwanamke aliyechorwa, mstari mwekundu.

"Karibu roti, bwana inspekta. Zimeungua. Aliyekuwa akijua kupika ndiye huyo ukutani, kanyamaza."

"Mzee, umeiba wewe?"

"Nimemrudisha mke wangu."

"Mkeo?"

"Sugiya. Bibi Damayanti alimkalisha uani kwake mwezi mzima, akamchora bila sindur. Nikauliza. Akasema eti wekundu utaharibu picha! Mwaka uliofuata Sugiya akafia mlangoni pa zahanati, daktari kaenda kumtibu mkuu wa wilaya mafua. Alikufa mimi ni mzima, bwana. Mjane wa nani?"

"Na kazi hapa ulianza lini?"

"Miaka kumi na moja nafagia mbele yake. Sina picha yake nyingine. Nilipoona wamemletea sanduku la safari, nikasema liwalo na liwe."

Gill alikaa kitandani. Kisha akatoa pingu, akamfunga mikono.

Mlango ukafunguliwa. Mkurugenzi aliingia na fundi wa kusafisha picha, pamba na chupa mkononi. Amri ya wizara: picha isafiri ikiwa safi kama ilivyochorwa.

Ramdhani aliinua mikono yake iliyofungwa.

"Bwana inspekta, wakiufuta ule wekundu, mimi nitakuwa hai au nimekufa?"