Nchi Iliyobaki Nje ya Picha

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, msichana alifagia studio ya mjomba wake. Mjomba alikuwa mpiga picha za vitambulisho. Akishapiga na kusafisha picha, hushika mkasi na kukata mpaka ubaki uso mtupu. Mabega, migongo ya viti na vipande vya ukuta viliangukia sakafuni, na kazi ya mpwa wake ilikuwa kuvizoa. Kisha alikunywa chai peke yake, akashika njia ya shule.

Shuleni walimwita Vumbi. Alikuwa ametoka nchi ya mbali mwaka uliopita kuja kuishi na mjomba, na nchi ile wenzake waliijua kwa televisheni tu: magari yaliyoungua, watu wanaokimbia, na vumbi tele. Jina likamganda kama kupe. Hakulijali sana, maana dawati moja alikaa na Kicheko, msichana ambaye hata hesabu za sehemu zilimchekesha, na mwenye rafiki wa kweli hawezi kuitwa mkiwa.

Kisha televisheni ikatangaza kwamba kuna ugonjwa katika nchi ya kina Vumbi. Kesho yake Kicheko aliingia darasani, akachukua vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma.

"Mama amesema nisikae na wewe," alisema huku akitazama viatu vyake.

"Lakini mimi sijafika kule tangu mwaka jana."

"Najua. Ila mama ameona kwenye habari."

Wiki nzima Vumbi alikaa peke yake. Wakati wa mapumziko alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena, ili ionekane ana shughuli. Alimtaka Kicheko arudi, na hakujua aanzie wapi.

Ijumaa ilikuwa zamu yake ya kusimama mbele na kutoa habari moja, kama ilivyokuwa kawaida ya darasa lao. Akaamua kuwakomesha. Alikata kwenye magazeti ya zamani picha za maghorofa ya vioo na bustani za maua, ili awaonyeshe na kusema ndiko kwao. Alhamisi jioni mjomba akaziona mezani.

"Hizi za wapi, mpwa wangu?"

"Za nyumbani."

"Nyumbani kwetu? Mimi nimezaliwa pale, nikakulia pale. Bwawa hili la kuogelea lilinipitaje?"

Vumbi aliinamisha kichwa. Simu ikalia. Alikuwa Bibi, aliyebaki kule nyumbani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mko salama?" Sauti ya Bibi ilitetemeka. "Nimeona kwenye televisheni, huko mliko watu wanachoma matairi, barabara nzima moshi. Rudi nyumbani, mjukuu wangu. Usingizi hauji."

Vumbi akachungulia dirishani. Kinyozi wa jirani alikuwa amesinzia kwenye kiti cha wateja. Mwanamke mmoja alikuwa akianua nguo.

"Bibi, hiyo ni barabara moja, tena ya mji mwingine. Hapa kinyozi anakoroma."

"Unanificha tu. Nimeona kwa macho yangu mawili."

Simu ilipokatika, mjomba alielekeza kidole sakafuni. "Picha ninayompa mteja si ya uongo. Uso ni wake. Lakini na hivyo vipande vilikuwepo. Wanaotuletea habari nao wana mkasi, na wewe leo umeshika wako."

Vumbi akayakusanya maghorofa yake, akayazoa pamoja na takataka.

Ijumaa alisimama mbele mikono mitupu.

"Habari yangu ni hii. Bibi yangu anataka niwahame, kwa sababu ninyi mnachoma matairi barabarani."

"Sisi?" kiranja aliruka. "Nani kachoma? Huo uongo."

"Si uongo. Yalichomwa, akayaona kwenye televisheni. Ila hajawaona mkiruka kamba. Na ugonjwa wa kwetu ni kweli. Uko wilaya moja, watu wanaumwa, na mimi nawaonea huruma. Lakini mtaani kwetu kuna fundi baiskeli asiyejua kupiga mluzi, na anaupiga kutwa nzima. Bibi ana bata wanaofukuza wageni. Hao hamjawahi kuonyeshwa." Akatazama dawati la nyuma. "Nimekumbuka kwetu, na sina wa kumwambia."

Kisha sauti ikatoka nyuma. "Bata wanafukuza watu?" aliuliza Kicheko.

Kicheko alimsimulia mama yake yote, na Jumapili wakaja studio pamoja. "Nilisikia ugonjwa, nikamsahau mtoto," mama yule alimwambia Vumbi. "Nisamehe, mwanangu. Kesho mtakaa pamoja."

Simu ya Bibi ilipolia, Vumbi alimwambia Bibi kwamba yuko na rafiki yake wa darasani, akampa Kicheko simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Niambie ukweli, mjukuu wangu, huko mnachomana?"

"Hapana, Bibi. Tunafanya hesabu za sehemu."

"Basi hayo ndiyo mateso," Bibi alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Nanyi sikieni, wajukuu zangu, maana na mimi nilisahau. Ukiuona moshi kwa jirani, usitangaze kwamba nyumba imeungua. Nenda ukabishe hodi. Pengine wanapika tu. Na kama kweli inaungua, utakuwa umefika kusaidia."