Stima ya Ijumaa Jioni

Kila Ijumaa akitoka shule, Nyanchoka hakuwa na muda wa kucheza. Alivua sare, akageuza mayai ndani ya mashine ya kuangulia vifaranga, kisha akatandika shuka mezani na kuchomeka pasi. Nguo zote za kanisani zilitakiwa ziwe zimenyooka kabla ya jua kuzama. Jua likizama Sabato imeingia, na nyumbani kwa Mellen, mama yake, hakuna aliyeshika pasi siku ya Sabato.

Senta yao, kijiji chenye maduka machache kando ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Sindo, ilijaa Wasabato. Nyumba baada ya nyumba pasi zilikuwa moto, na mashine ya Mzee Momanyi ilinguruma ikisaga unga wa kesho.

Mara stima ikapotea, kama ilivyopotea Ijumaa kadhaa zilizotangulia.

Mellen aliingia mbio akafunika mashine ya mayai kwa blanketi. Mayai ya mwezi uliopita yalipoa hivyo hivyo, yakaharibika yote. Haya yalikuwa ya kuanguliwa Ijumaa ijayo, na akiba yake yote ilikuwa humo.

"Haya nayo yakiharibika, narudi kuuza samaki wa omena juani," alimwambia binti yake. "Kazi ya kuku itakuwa imekwisha." Usiku huo stima ilirudi kabla mayai hayajapoa kabisa.

Stima ya pale ilitoka kwenye paneli za sola za kampuni moja, kwa waya mmoja. Ukikasirika huna pa kuhamia. Watu walisema kampuni inawakatia makusudi ili wakubali bei mpya, kwa kuwa ilikuwa imeomba kupandisha bei ya stima kwa saa zote ili inunue betri kubwa zaidi. Lakini haikuruhusiwa kupandisha hivi hivi. Jumanne afisa wa mamlaka inayosimamia bei za stima angekuja kusikiliza pande zote.

Nyanchoka hakutaka kungoja. Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, alikwenda kwenye paneli kumuuliza Joash, fundi wa kampuni, kwa nini anawakatia stima. Joash hakubishana. Alimwonyesha kioo cha namba kwenye mtambo wa stima.

"Tazama. Saa hii jua ni kali, betri zimejaa, na stima haina mtumiaji. Mko shambani na ziwani. Ijumaa jioni jua linaondoka, ninyi nyote mnachomeka pasi. Mtambo unazidiwa, unajizima usiungue."

"Mbona hukuwaambia watu, anko?"

"Niliwaambia. Wakaniita mwizi."

Jumanne jioni ukumbi wa kanisa ulijaa. Mzee Momanyi alilalamika, Mellen akalalamika kwa ukali zaidi, akieleza habari ya mayai yake. Mtu wa kampuni akajibu kwamba bila bei mpya hakuna betri. Afisa, mama mmoja aliyeitwa Bitutu, aliwasikiliza wote, kisha akauliza kwa nini stima ipotee Ijumaa na si Jumatano.

Nyanchoka alimtazama mama yake, aliyekuwa ametoka tu kuilaumu kampuni mbele ya watu. Kusema kungemwaibisha. Kunyamaza kungeua mayai. Akasimama.

"Madam, ni sisi. Tunapiga pasi wote kwa wakati mmoja, Mzee Momanyi naye anasaga. Hata pasi yetu imo."

Watu wakacheka. "Huyu mtoto anataka twende kanisani na makunyanzi," alisema Momanyi.

"Hapana, mzee. Nguo ikinyooshwa mchana, jioni bado imenyooka. Stima ya mchana ikiwa rahisi na ya jioni ikiwa ghali, wewe utasaga lini?"

Momanyi alikuna kidevu. "Mchana. Mimi si mjinga."

Safari hii ukumbi ulimcheka yeye, naye akacheka pamoja nao. Bitutu alimgeukia mtu wa kampuni, akamuuliza kama mtambo ungeweza kutoza bei mbili. Aliposikia kwamba unaweza, alikataa lile ombi la kupandisha bei ya saa zote. Aliagiza wajaribu kwanza: bei ya mchana ishuke, ya jioni ipande, na nyumba zenye balbu tu zisiongezewe chochote.

Ijumaa ilipofika, Nyanchoka alikuja nyumbani kula chakula cha mchana akamkuta Mellen ameshapiga pasi nguo zote. Mashine ya Momanyi ilikuwa ikinguruma saa saba juani, na wanawake wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi.

Jioni walikaa kando ya mayai, macho kwenye balbu. Jua likagusa ziwa. Balbu haikupepesa. Jua likazama, wimbo wa kufungua Sabato ukaanza kwa jirani, na balbu bado inawaka. Ndipo yai moja likapasuka, na mdomo mdogo ukatokeza. Likafuata la pili. Asubuhi mashine nzima ilikuwa inalia kwa vifaranga.

Mellen alimshika binti yake bega walipokuwa wakienda kanisani, nguo zikiwa zimenyooka.

"Uliniaibisha Jumanne," alisema. "Na ulifanya vizuri. Mwenye waya wa pekee lazima awe na mtu wa kumuuliza maswali. Lakini hata huyo muulizaji hawezi kututengenezea kitu tukimficha ukweli wetu wenyewe. Mimi nilikuwa nataka mtu wa kulaumu. Wewe ulitafuta sababu."

Mlangoni mwa kanisa walimkuta Mzee Momanyi. Akageuka taratibu mbele ya Nyanchoka, mikono kando, aonekane mgongo na mbele.

"Kagua," alisema. "Kama kuna kunyanzi, sema."

Halikuwepo hata moja.