Bibi Aliyeambiwa Ana Moyo Mkubwa

Msimu wa kabichi ulipofika, sikuwa na jioni ya kucheza. Nikitoka shule nilitupa mkoba, nikavaa aproni, nikaanza kumpitishia Bibi kabichi moja moja. Yeye aliinama juu ya mtungi, akazipanga, akanyunyiza chumvi, akapanga tena. Kijijini kwetu Heishangou baridi hukaa muda mrefu, na nyumba isiyo na mtungi wa kabichi chachu huhesabiwa kuwa nyumba ya wavivu.

"We Yanshu, unanipa kabichi au unaibembeleza?" Bibi alinitania. "Lete hapa!"

Lakini mwaka ule alikuwa akisimama kila mara, ameshika ukingo wa mtungi, akihema kama mtu aliyepanda mlima. Jioni akivua soksi, ziliacha mifereji kwenye miguu iliyovimba. Asubuhi nilipompelekea maji ya moto nilimkuta amelala huku ameketi, mgongo umeegemea mito.

"Ni moshi wa jiko tu umenijaa kifuani," alisema.

Bibi hakuwa mtu wa kuhangaika. Nguruwe wetu alipotoroka, kijiji kizima kilimkimbiza isipokuwa yeye. "Njaa itamrudisha," alisema, akaendelea kumenya vitunguu saumu. Kwetu mtu wa namna hiyo husemwa ana moyo mkubwa, kwa sababu hakuna shida inayoujaza. Mzee Pang, jirani yetu, alizoea kumwamkia kwa kupiga kelele ukutani: "Dada Moyo Mkubwa, umeamka?"

Siku moja likaja gari la afya kuwapima wazee. Muuguzi alimpima Bibi shinikizo la damu, akakunja uso, akapima tena. Kisha Bibi akapandishwa garini kupigwa eksirei ya kifua. Mimi nilisimama mlangoni nimemshikia koti.

"Bandika kifua kwenye ubao, Mama," alisema mpiga picha. "Vuta pumzi nyingi. Shikilia!"

"Nishikilie mpaka lini?"

"Usiseme, Mama!"

"Sisemi, nauliza."

Waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. Mashine ikalia, picha ikachukuliwa hivyo hivyo.

Baada ya siku chache Baba akaitwa hospitali ya wilaya. Alirudi tukiwa mezani, uso umemshuka. Alizungusha vijiti vyake vya kulia ndani ya bakuli bila kula.

"Mama," akasema mwishowe, "daktari ameiangalia picha yako. Anasema moyo wako ni mkubwa."

Bibi alicheka hadi akakohoa. "Gari lote lile na mashine yake, kumbe limekuja kutafuta jambo ambalo hata Pang analijua!"

Baba akachukua kipande kikubwa cha tofu, akamwekea Bibi bakulini.

Baadaye aliniita uani. "Umenielewa nilichosema?"

"Bibi anaumwa?"

"Moyo wenyewe umetanuka. Kwenye picha umeenea kifuani kuliko unavyotakiwa. Huenda ni shinikizo la damu, limeuchosha miaka mingi. Daktari anataka apigwe picha nyingine kule mjini. Nitampeleka kabichi zikiisha kupangwa. Wewe usimwambie."

"Kwa nini asiambiwe?"

"Babu yako alipougua, aliambiwa? Mgonjwa akijua, hofu humla kabla ya ugonjwa. Habari kama hiyo hubebwa na watoto wake."

Kijijini kwetu kila nyumba ilifanya hivyo, na aliyefanya vinginevyo angeitwa mtoto asiye na adabu.

Kesho yake Baba alimpa Bibi kichupa cha vidonge vya shinikizo la damu alivyopewa na daktari. "Vitamini, Mama. Kimoja kila asubuhi."

Tangu siku hiyo sikutulia. Darasani mwalimu aliniuliza habari za mito, nikamtajia milima. Nyumbani nilimfuata Bibi kila alikokwenda. Akishika ndoo, nami naishika. Akichota mchuzi wa soya wenye chumvi, nasogeza bakuli mbali.

"Una nini wewe siku hizi?" aliniuliza. "Unanifuata kama kifaranga cha bata. Nenda kacheze!"

"Sitaki kucheza."

"Basi kaa mbali na miguu yangu, nisije nikakukanyaga."

Kila jioni Baba aliporudi kutoka kwenye tanuri la matofali, nilimuuliza kwa macho, "Lini?" Naye kila jioni alitazama mitungi akasema, "Bado kidogo." Nilianza kuona kwamba anayeogopa si Bibi.

Asubuhi moja, kabla sijaenda shule, Bibi aliniita karibu na jiko. Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kidonge kimoja.

"Meza haraka. Una mtihani wa hesabu."

"Bibi, hicho ni chako!"

"Mimi nimeshakua, vitamini itanirefusha wapi? Nilikuwa nampa Pang, maana amekonda. Lakini tangu juzi analalamika kizunguzungu, na yule bwana hana shukrani. Sasa utakula wewe."

"Wewe hujameza hata kimoja?"

"Nimekwambia nimeshakua."

Akakiweka kidonge mkononi mwangu, akageuka, akainama kunyanyua jiwe la kukandamizia kabichi. Jiwe lilifika magotini, likagoma. Alibaki ameinama, midomo imekuwa ya rangi ya bluu, anatafuta pumzi.

Niliwaza kukimbilia kwenye tanuri kumwita Baba. Lakini nilijua Baba angetunga jina lingine la vidonge, na Bibi angerudi kwenye jiwe lake. Nikamshika mkono.

"Bibi, liache. Hizi si vitamini. Ni dawa ya shinikizo la damu. Daktari hakukusifu. Alisema moyo wako, huu wa ndani, umetanuka. Baba alinikataza nisikwambie."

Bibi aliliachia jiwe. Akaketi juu ya kikapu kilichopinduliwa. Niliogopa kwamba Baba alisema kweli, kwamba hofu ingemla pale pale mbele yangu.

Ghafla akapaza sauti. "Pang! Maskini Pang wa watu! Kimbia ukamwambie asimeze tena! Kimbia, unasubiri nini?"

Nilimkuta Mzee Pang ameketi kizingitini, ameshika kichwa. "Mwambie dada yangu," alinung'unika, "akitaka kuniua atumie maandazi, angalau nife nimeshiba." Mwanawe akampeleka zahanati, akaangaliwa, akapona.

Niliporudi, Bibi alikuwa amevaa koti lake la sikukuu na kufunga kitambaa kichwani. "Tupitie kwenye tanuri," alisema. "Baba yako atatupeleka mjini leo. Kabichi hazina miguu, zitatungoja."

Hospitalini Bibi alivuta pumzi na kuishikilia mpaka mpiga picha akamwambia, "Pumua, Mama, tumemaliza zamani!" Kisha tukaingia kwa Daktari Rong, mama mfupi mwenye miwani, na Bibi akamsimulia kisa chote cha vidonge. Alibandika picha zote mbili kwenye ubao wa taa.

"Yupi ni mimi?" Bibi aliuliza.

"Wote wawili. Huu weupe wa katikati ndio moyo. Mtu mzima akijaza pumzi vizuri, moyo haupaswi kupita nusu ya upana wa kifua. Kwenye picha ya garini wako umepita nusu kwa mbali. Lakini siku ile uliongea, kifua hakikujaa. Pumzi nusu huufanya moyo uonekane mpana kuliko ulivyo. Leo umevuta yote, na tazama: umetanuka kweli, ila si kwa kiasi tulichohofia."

Baba alivuta kiti, akaisogelea picha.

"Tutaupima pia kwa mashine ya mawimbi ya sauti, tuone unavyosukuma damu," daktari aliendelea. "Utatumia dawa ya shinikizo na ya kupunguza maji mwilini. Utapunguza chumvi, na mawe hayatanyanyuliwa na wewe. Hivyo unaweza kuishi vizuri."

Kisha akamgeukia Baba. Sauti yake haikuwa kali. "Ndugu, nakuelewa. Mimi pia nilimficha mama yangu ugonjwa wake. Lakini mgonjwa asiyejua anaumwa nini hawezi kujitunza. Mama yako alipewa nusu ya habari, akagawa dawa kama peremende, na watu wawili wakaingia hatarini. Mtoto huyu alisema ukweli wakati kuusema kulikuwa kugumu. Ukweli haujamwua bibi yake. Umemleta hospitali."

Nje, kwenye ngazi, Baba alisimama akafunika uso kwa mikono. "Mama, niliogopa."

"Nilikuona," Bibi alisema. "Mtu hapewi tofu yote ya nyumba bila sababu. Siku nyingine uniambie mimi kwanza, halafu tulie wote."

Mwaka ule kabichi zilipangwa na mimi na Baba, chumvi ikipimwa kwa kijiko, huku Bibi ameketi kitini akitukosoa. Mzee Pang alisema hazina ladha, lakini alikuja na bakuli kila juma. Uvimbe wa miguu ya Bibi ulinywea. Akarudi kulala kwa ubavu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, hadi mimi nikamaliza sekondari. Moyo ulipochoka kabisa, daktari alimwambia yeye kwanza. Naye akaja nyumbani, akatuketisha, akatuambia mwenyewe mmoja mmoja, akianza na Baba. Tulilia wote, kama alivyotaka. Aliponifikia mimi alinishika kidevu akasema, "Usihangaike, mjukuu wangu. Jambo likishasemwa, hata likiwa zito, hubebwa na watu wengi."