Kadi Iliyotuliza Kioo

Bibi harusi aliyekuwa kwenye kioo cha kompyuta alifumba macho, kisha akayafumbua. Ilikuwa picha ya mnato. Mwanamke aliyekuwa akiisafisha alijua kwamba macho yale ameyafungua yeye mwenyewe, kwa kuyatoa katika picha nyingine na kuyapandikiza, kama alivyofanya kila mteja alipopigwa picha akiwa amesinzia. Alikiachia kipanya cha kompyuta.

"Mume wangu, njoo uone."

Mumewe, mpiga picha, alikuwa chumba cha mbele cha duka lao akipanga taa. Alikuja amenuna.

"Nione nini? Kioo kinapepesa. Hata mimi kinaniudhi."

"Kinapopepesa kuna mtu anapita."

"Mwambie akae, apigwe picha."

Mkewe hakucheka. Tangu kioo kianze kupepesa, pale mezani palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua, na mvumo mwembamba kama wa mbu aliyefungiwa chupani, uliosikika hata kompyuta ikiwa imezimwa. Tena alikwisha kugundua jambo moja. Kila kioo kilipopepesa, kitu kilichomkalia kifuani kilimtoka, akapumua, kisha kikarudi.

Fundi wa kompyuta aliitwa. Watu walimwita Waya, kwa wembamba wake. Kifaa alichokilaumu, kile kinachochora picha kiooni, jina lake hasa ni kadi ya grafiki. Waya alikiita kadi ya picha.

"Kioo hiki kinachorwa upya mara sitini kwa sekunde," alisema, akiwa amepiga magoti chini ya meza. "Kati ya mchoro na mchoro kuna kiza. Ni kidogo sana, ila jicho linakihisi. Nina kadi mbili. Hii ndogo itaongeza mara hizo, itakipunguza. Hii kubwa itakimaliza kabisa, utadhani unatazama karatasi."

"Weka kubwa," alisema mpiga picha.

"Weka ndogo," mkewe alinong'ona. "Au usiweke yoyote. Shemeji Waya, kinapita humo kwenye kiza. Kinaingia na kutoka. Ukiziba kikiwa kimeingia, kitatokea wapi?"

Waya aliinua kichwa. "Kaka, shemeji anaogopa."

"Anaogopa kazi. Wewe ni fundi au mganga? Weka."

"Nakuomba," alisema mkewe. "Mbele ya mgeni, nakuomba."

"Na mimi mbele ya mgeni nakwambia nyamaza, kaa kitini, utuambie rangi zimekaaje."

Alikaa. Waya aliifunga kadi kubwa, akawasha, na kioo kikatulia kama maji ya beseni. Mvumo ulikatika. Ile harufu ya nywele zilizoungua ikaondoka mezani, ikapita mbele ya pua ya fundi, ikamwendea mwanamke pale kitini, naye akavuta pumzi ndefu ambayo hakuna aliyemsikia akiitoa, akanyoosha shingo yake polepole kama mtu anayejaribu nguo mpya mbele ya mshonaji, akageuka na kumtazama mumewe kwa macho makavu, yaliyong'aa, ambayo hayakufumba hata nzi alipotua juu ya moja na kutembea.

"Umechagua vizuri," alisema. "Ile ndogo ingenisumbua."

Waya alikusanya bisibisi zake bila kuzitazama. "Kaka," alinong'ona, "mimi natoka."

"Rudisha ya zamani!" Mpiga picha alimkamata shati. "Rudisha!"

"Hakuna haja. Hiyohiyo inaweza kushushwa hadi sitini. Bonyeza hapo. Niache, kaka, niache!" Shati likachanika, naye akaenda zake.

Mpiga picha alibonyeza, akishusha mara zile mpaka kioo kikaanza tena kupepesa, akisubiri kile kilichoingia kitoke. Na katika kiza kile kidogo kilichofunguka kati ya mchoro na mchoro hakuona kitu kikitoka, alimwona mkewe, mkewe hasa, amesimama ndani nyuma ya bibi harusi, viganja vyake vimebanwa kiooni na mdomo wake ukimwita jina, huku yule wa kitini akiendelea kukaa, mikono mapajani, kama mgeni asiye na haraka ya kuondoka.

Siku hizi kompyuta ile haizimwi. Wateja wanalalamika kwamba kioo kinawaumiza macho, wanamwuliza mpiga picha kwa nini hakitengenezi. Yeye hukaa mbele ya kioo hicho tangu duka linapofunguliwa, akitazama kile kiza chembamba kinavyofunguka na kufungika, na kila siku mwanamke aliyemo humo amesogea nyuma kidogo, hata sasa viganja vyake havifiki kiooni. Yule mwingine humletea chai, humwekea mkono begani, mkono mzito unaonuka nywele zilizoungua, na humwinamia sikioni.

"Mwache apumzike," humwambia. "Si ulimwambia anyamaze?"